Kupiga picha kwa mabamba makavu ya kioo ukiwa Moshi

Bamba kavu ni kioo kilichopakwa jelatini yenye bromidi ya fedha. Njia hiyo aliieleza daktari Mwingereza, Richard Leach Maddox, mwaka 1871, na ndiyo iliyompunguzia mpiga picha kazi ya kutembea na chumba cha giza mgongoni. Kwa Moshi kuna vitu viwili vya kuviheshimu: bamba halioni rangi kama jicho linavyoziona, na jelatini haipatani na joto.

Tuanze na kaseti, yaani kisanduku bapa kinachoshika bamba nyuma ya kamera. Kaseti ya filamu haifai, maana bamba lina unene wa milimita 1.5 hadi 2 hivi; tafuta ya mabamba. Ukiipata, usiiamini bure. Weka ndani kioo kitupu, pima kina kutoka ukingo wa kaseti hadi uso wa kioo, halafu linganisha na kina cha kile kioo cha ukungu unacholengea nyuma ya kamera. Vikipishana nusu milimita, picha iliyopigwa kwa tundu kubwa la lenzi itakosa ukali, na utailaumu lenzi isiyo na kosa.

Pakia chini ya taa nyekundu hafifu. Upande uliofifia ndio wenye dawa, unaong'aa ni kioo chenyewe. Upande wenye dawa utazame lenzi. Ukigeuza, kushoto kutakuwa kulia na picha itakosa ukali. Vumbi jekundu la huku hupenya popote, kwa hiyo futa kaseti kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, iache ikauke, ndipo upakie. Kila chembe inayokaa juu ya bamba huacha tundu jeupe kwenye negatifu (bamba lililosafishwa, lenye weusi na weupe uliogeuzwa), na doa jeusi kwenye picha. Mabamba yakitoka kwenye friji, yaache saa moja au mbili kabla ya kufungua boksi, la sivyo yatatoa jasho.

Mabamba yasiyoongezewa uwezo wa kuona rangi huona bluu na urujuani tu, na kasi yake ya kupokea mwanga ni ndogo, kama ISO 2. Jua likiwa kali, tundu la lenzi la f/16 linataka nusu sekunde na lile dogo zaidi la f/32 linataka sekunde 2, hivyo kifuniko cha lenzi kinatosha kufungulia na kufungia. Khanga nyekundu itatoka nyeusi, ya bluu itatoka karibu nyeupe, na ngozi itakuwa nyeusi kuliko ilivyo. Mita ya mwanga hailijui hilo. Chini ya migomba ya Machame au Kibosho, mwanga uliochujwa na majani una bluu kidogo sana. Zidisha muda wa mita mara mbili hadi nne, na subiri upepo utulie.

Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ndicho kila mtu anachokitaka, na ndicho kigumu. Ukungu mwembamba wa mbali ni wa bluu, na bamba huuona mzito kuliko wewe: mlima unaouona vizuri kwa macho unaweza kupotea kabisa. Theluji nayo huungana na anga jeupe. Kichujio cha njano hakisaidii sana, kwa kuwa kinazuia mwanga uleule ambao bamba linauhitaji. Chagua asubuhi iliyofuata mvua ya usiku, hewa ikiwa imeoshwa, kati ya saa moja na nusu na saa tatu, mawingu kabla hayajafunika. Jua la mapema lina bluu haba, basi saa moja na nusu zidisha muda mara mbili.

Mabati yanayomeremeta huzungukwa na mwangaza kwenye negatifu, kwa sababu mwanga hupenya dawa, hugonga mgongo wa kioo na kurudi. Dawa yake ni kupaka mgongo rangi ya udongo iliyochanganywa na gundi ya maji, kisha kuifuta kwa sifongo kabla ya kusafisha.

Kusafisha ndiko kunakoharibu mabamba mengi zaidi. Januari hadi Machi maji ya bomba yana joto, na jelatini iliyolegea huanza kukunjamana na kubanduka pembeni. Fanya kazi usiku. Weka trei ndani ya beseni lenye maji na barafu (barafu isiingie kwenye dawa yenyewe) hadi dawa zote na maji ya kuoshea vifike nyuzi 18 hadi 20. Zisipishane zaidi ya nyuzi 2, kwani mruko wa joto nao hupasua jelatini.

D-76, dawa ya kutokeza picha, inafaa na unaweza kuichanganya mwenyewe. Kwenye mililita 750 za maji ya nyuzi 50 tia salfaiti ya sodiamu chembe tu, halafu metoli gramu 2. Ikishayeyuka, salfaiti gramu 100, haidrokwinoni gramu 5, boraksi gramu 2, na maji hadi lita moja. Metoli haiyeyuki vizuri kwenye salfaiti nyingi, ndiyo maana inatangulia. Vaa glavu. Tikisa trei taratibu kwa dakika 6 hadi 8 huku ukitazama chini ya taa nyekundu: simama pale sehemu nyeupe za picha zinapoonekana nyeusi hata kwa nyuma ya kioo.

Suuza kwa maji matupu. Siki huongeza mabanduko. Kama ukingo umeanza kulegea, lowesha dakika 5 kwenye shabu, ile ya kutulizia maji machafu, gramu 50 kwa lita, kisha osha vizuri sana, maana shabu ikibaki itaichafua dawa inayofuata. Hiyo ni “haipo” (hypo, yaani thaiosalfeti ya sodiamu, inayoondoa bromidi isiyopigwa na mwanga), gramu 250 kwa lita: weupe wa maziwa ukishaisha, acha bamba humo kwa muda mwingine kama huo. Osha nusu saa, na mwisho suuza kwa maji yaliyochemshwa kuwa mvuke, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Soma chupa, kwani asidi ya betri huuzwa palepale.

Kausha mabamba yakiwa wima, mbali na jua na feni, yamefunikwa chandarua. Mende hula jelatini, na mbu akinasa juu ya bamba bichi hatoki bila kuacha mguu.