Tiketi zimeisha? Ulizia kiti kimoja siku ya shoo yenyewe

Wadau wa Dodoma, kwa zile shoo za msanii mmoja jukwaani ambazo tiketi zinakata mapema, usiishie kwenye SOLD OUT, siku ya shoo mpigie mwandaaji mchana kuanzia saa nane hivi uulize "kuna kiti kimoja kimerudi?", sema kimoja kabisa, maana mkiwa wanne mnaotaka kukaa pamoja hampati. Viti vinarudi kwa sababu kuna vile vya wadhamini na wageni waalikwa ambao hawajathibitisha, na hapa kwetu Aprili hadi Juni waheshimiwa wako bungeni kwenye bajeti na kikao cha jioni kinaweza kuwabana, halafu kuna wale wa booking ambao hawajalipia. Ukiambiwa kipo lipa palepale kwa namba ya biashara ya mwandaaji, siyo namba ya mtu binafsi! Na skrinishoti ya tiketi ya mtu usinunue kabisa, QR code yake ikishaskaniwa getini mara moja wa pili anarudishwa. Ila kama ukumbi hauna viti vya namba, mbinu hii haifanyi kazi, wanahesabu vichwa tu mlangoni, hapo cha kufanya ni kuwahi foleni.