Namna ya Kutazama Filamu ya Kuzama kwa Manowari Yamato

Kabla ya kuiwasha filamu, tazama ramani uone umbali wa kutoka visiwa vikuu vya Japani hadi kisiwa cha Okinawa, kwani tarehe 7 Aprili 1945 Yamato, meli ya kivita ya Japani, ilikuwa katika njia hiyo karibu bila ndege za kuilinda. Chagua sauti ya Kijapani yenye tafsiri ya maandishi, maana uchungu wote umo katika sauti za mabaharia vijana. Mizinga 9 ya sentimita 46 inavutia, lakini mwangalie zaidi mpiga bunduki ya kutungulia ndege, ambaye mwenzake humpakilia kwa mikono magazini ya risasi 15 tu, nazo huisha kufumba na kufumbua. Meli inapolalia ubavu wa kushoto, ulikopigwa torpedo (makombora yanayokwenda chini ya maji) nyingi, usiirukishe filamu mbele: kati ya watu zaidi ya 3,000 waliokuwamo, waliookoka hawakufika 300.