Shafti ya mbele: uifunge mwenyewe au umpe fundi?

Gari likigonga tak-tak-tak unapokata kona kali, na mpira wa joint (kiungo cha shafti kinachojikunja) umepasuka ukarusha grisi ndani ya rimu, shafti imekwisha, yaani ile fimbo ya chuma inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi gurudumu. Huku Marekani shafti mpya ya Corolla au Camry si ghali sana; kinachouma ni saa za fundi. Kuifunga mwenyewe kunawezekana, lakini nati ya habu, ile kubwa inayoshika shafti katikati ya gurudumu, ndiyo itakayokupa jibu.

Ijaribu siku ambayo maduka yako wazi, shafti mpya ingali kwenye boksi na risiti unayo. Gari likiwa chini na breki ya mkono imevutwa, toa kifuniko cha katikati ya rimu. Inua kwa tindo ule ukingo wa nati uliogongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti ili nati isilegee, au chomoa pini kama ipo. Ukiruka hatua hii utakula nyuzi. Halafu soketi ya mm 30, saizi ya Toyota nyingi ndogo, mpini mnene na bomba la mita moja. Ikigoma kabisa, gonga ukingo urudi mahali pake, rudisha shafti dukani, mpelekee fundi gari.

Ikiachia, inua gari, toa gurudumu; adui anayebaki ni kutu. Kwenye majimbo ya theluji kama Minnesota na Ohio, chumvi ya barabarani hugandisha meno ya shafti ndani ya habu. Acha nati kwenye ncha ya nyuzi, weka kipande cha mbao, ndipo ugonge. Isiposogea, maduka ya vipuri ya AutoZone na O'Reilly huazimisha kifaa cha kuvutia habu (puller) kwa amana unayorudishiwa.

Boli joint, kiungo cha duara kinachounganisha habu na mkono wa chini wa gurudumu, haihitaji kifaa maalumu kwenye Corolla: fungua bolti moja na nati mbili zinazoishika kwenye mkono wa chini, uvute habu nje. Upande wa giaboksi ndiko wengi wanakoharibu. Usivute shafti yenyewe, joint ya ndani itaachana ndani ya mpira wake. Weka mtaimbo kati ya kikombe cha joint na giaboksi, ubinye kwa mshtuko mmoja, beseni likiwa chini kukinga mafuta. Unaporudisha mpya, pengo la ringi ndogo iliyo kwenye ncha ya shafti lielekee chini, na meno yasiguse mdomo wa sili, mpira unaozuia mafuta ya giaboksi yasivuje. Ikiingia utasikia "klak"; ivute kikombe kidogo, isitoke.

Kitu kimoja hakina mbadala: spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza nati ya habu kwa Nm (nyutoni-mita). Corolla nyingi hutaka Nm 216, Camry za 2002 hadi 2006 Nm 294. Hakikisha kwenye kitabu cha mwaka wa gari lako. Nati hiyo ndiyo inayobana beringi, kwa hiyo gari lisisukumwe hata hatua moja kabla haijakazwa. Tumia nati mpya. Na soma mkataba wa nyumba kwanza, maana apartimenti nyingi zimekataza kutengeneza gari kwenye maegesho.

Jaza mafuta ya giaboksi yaliyomwagika. Kesho yake chungulia pale shafti inapoingia: tone likionekana, sili imekatwa, na shafti itatoka tena.