Mtambo wa biogesi ukivimbiwa

Mitambo mingi ya biogesi, yaani gesi ya kupikia inayotokana na kinyesi cha mifugo na mabaki yanayooza, niliyoitwa kuitazama baada ya "kufa" haikuwa na ufa wala bomba lililotoboka. Fundi alifanya kazi yake vizuri. Tatizo lilikuwa ulishaji. Mfugaji mmoja alipata matunda yaliyooza, madebe sita, akayamimina yote kwa siku moja akitarajia kuona gesi ikijaa. Siku mbili za kwanza ilijaa kweli. Siku ya nne moto ukawa unarukaruka juu ya jiko na kuzimika. Nilipofunua shimo la kutokea tope nilipokelewa na harufu ya kitu kilichochacha, na karatasi ya kupimia uchachu ikaonyesha pH 5.5 (namba ikishuka, uchachu umezidi). Mtambo wenye afya husoma kati ya 6.8 na 7.5.

Mtambo ule ulikuwa umevimbiwa. Sijapata neno linalofaa zaidi, kwa sababu kinachoendelea mle shimoni hakitofautiani sana na kinachoendelea tumboni mwa ng'ombe. Kuna bakteria wanaovunjavunja chakula na kukigeuza asidi, na kuna wengine wanaokula asidi hiyo na kutoa methani, ile gesi inayowaka. Wale wa kwanza huzaana upesi na hawachagui mazingira. Hawa wa pili huzaana polepole, hawataki hewa, hawataki baridi, na asidi ikizidi huacha kazi. Ukiwapa wote mzigo wa matunda laini yenye sukari, wa kwanza hushiba na kuzalisha asidi nyingi kuliko wenzao wanavyoweza kuila.

Dawa yake ni ileile ya tumbo: acha kulisha. Tulisimamisha ulishaji, tukakoroga chokaa ya kilimo kidogo kwenye ndoo ya maji, tukawa tunaitia kidogo kidogo huku tukipima, kisha tukaongeza kinyesi kibichi cha ng'ombe, ambacho kina wale bakteria wa methani tayari. Ilichukua wiki tatu kabla moto wa buluu haujarudi. Chokaa usiimwage yote kwa pamoja, maana kuwaondoa bakteria kwenye asidi kali na kuwaingiza ghafla kwenye hali nyingine kali ni kuwaumiza mara mbili.

Kwa hiyo kabla ya kuchimba shimo, piga hesabu ya chakula. Kilo moja ya kinyesi kibichi cha ng'ombe hutoa takriban lita 35 hadi 40 za gesi. Familia ya watu watano au sita hupikia mita za ujazo 1.5 hadi 2 kwa siku, na hapo unahitaji kilo 40 hadi 50 za kinyesi kila siku ya Mungu. Usihesabu kinyesi kinachobaki malishoni. Hesabu unachoweza kukusanya zizini. Ng'ombe anayelala ndani usiku tu atakupa pengine kilo 10, anayefugwa ndani kutwa atakupa zaidi. Kilo 40 ukizichanganya na lita 40 za maji unapata kama lita 80 kwa siku. Tope hilo linapaswa kukaa ndani siku zisizopungua 50, basi unahitaji mita za ujazo 4 za tope peke yake, na ukiongeza nafasi ya gesi unafika kwenye mtambo wa mita za ujazo 6. Anayejenga mkubwa kwa sababu jirani amejenga mkubwa ataishia kuwa na shimo lenye njaa.

Kuchanganya kuna namna yake. Kinyesi na maji, nusu kwa nusu, mpaka kiwe kama uji mwepesi; cha mbuzi ni kikavu, kinataka maji zaidi na kupondwa kwanza. Ingiza mkono ndani ya beseni, ukiwa na glovu, uvunje mabonge na kutoa majani marefu, mawe na mchanga. Nyasi huelea na kufanya utando mgumu juu ya tope, gesi ikashindwa kupenya. Mchanga huzama na mwaka hadi mwaka unakula nafasi ya mtambo. Dakika kumi za kila asubuhi zinakuepusha na siku nzima ya kukwangua.

Mabaki ya jikoni na matunda hutoa gesi nyingi kwa kilo kuliko samadi, kwani ng'ombe ameshafyonza sehemu bora ya chakula kabla hakijafika kwako. Yatumie, ila yakatekate na yaongeze polepole, mtambo ukizoea. Kinyesi cha kuku kina nitrojeni nyingi. Kikizidi kinazalisha amonia inayowalemaza bakteria, hivyo kichanganye na cha ng'ombe. Maji ya sabuni, dawa za kuua vijidudu za kuoshea banda, na kinyesi cha mnyama aliye kwenye dozi ya antibiotiki visiingie kabisa.

Magunzi, pumba za mpunga, vifuu na mabua makavu si chakula cha mtambo. Huoza polepole mno. Hivyo vinafaa kuchomwa kwa hewa chache hadi viwe mkaa, visagwe, vichanganywe na wanga wa muhogo na kushindiliwa kuwa vitofali vya kupikia, kisha vianikwe hadi vikauke kabisa. Mabua yote lakini usiyaondoe shambani, udongo nao unakula.

Kuhusu kulima zao kwa ajili ya mafuta ya injini, nasema wazi: kwa mkulima mdogo siungi mkono. Si kwamba haiwezekani. Mwaka 1900 injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga kwenye maonyesho ya Paris. Lakini mbono kaburi (jatropha), mmea wa mbegu za mafuta, uliposifiwa kwamba unazaa hata kwenye ardhi mbovu, wakulima wengi waliupanda na kukuta kwamba penye ardhi mbovu mavuno nayo ni mabovu, na mashudu yake yana sumu, hayafai hata mifugo. Taka haishindanii shamba na chakula.

Sasa usalama, na hapa naomba unisikilize sana. Gesi ya kwanza ya mtambo mpya imechanganyika na hewa. Methani ikiwa asilimia 5 hadi 15 ya hewa hulipuka. Iachie itoke nje, mbali na moto, na jaribio la kuwasha lifanyike kwenye jiko, kamwe si kwenye bomba la mtambo. Harufu ya yai bovu maana yake gesi inavuja: funga valvu, fungua madirisha, usiwashe kitu. Na mtu asiingie ndani ya mtambo, hata uliokaa mtupu kwa siku kadhaa. Mle hakuna hewa ya kupumua, na ile gesi yenye harufu ya yai bovu ikiwa nyingi huua pua, usiisikie tena harufu yake. Watu wamekufa wakimfuata aliyetangulia kuanguka.

Moto ukicheza huku gesi ipo, mara nyingi ni maji yaliyojikusanya kwenye bomba. Yatoe kwenye sehemu ya chini kabisa ya bomba, ambako fundi alipaswa kuweka koki.

Tope linalotoka upande wa pili ndilo ninaloona likipotezwa zaidi. Nitrojeni, fosforasi na potasiamu zilizoingia bado zimo, na sehemu kubwa ya nitrojeni imegeuka amonia ambayo mmea huichukua upesi na jua huirusha upesi vilevile. Shimo lake lizibe kwa paa au majani. Litoe asubuhi au jioni, limwage kwenye mfereji kando ya mstari wa mimea, na ufukie udongo papo hapo, kabla hujaenda kuchota ndoo ya pili.