Somo: Kupanga miadi ya saluni bila kumuumiza mteja wala msusi

"Nifanyeje wateja wakiingia mitini?" Swali hili linarudi kila wiki. Jibu lote liko hapa, lisomeni kwanza.

1. Pima muda wa kila mtindo kwa mkono wa msusi wako mwenyewe. Knotless (misuko isiyo na fundo kwenye shina) ndogo ndefu, msusi mmoja: masaa 7 hadi 8.

2. Uliza kama nywele zimefumuliwa na kuoshwa. Kufumua tu hula saa nzima au mbili, na kuna bei yake.

3. Acha nusu saa kati ya mteja na mteja.

4. Kianzio, yaani pesa ya kushikia nafasi. Hapa ndipo niliharibu. "Nitatuma jioni" si miadi. Ukimwandika mtu Jumamosi saa 3 asubuhi bila pesa kuingia, utamkataa wa pili, kisha huyo wa kwanza haji. Chukua theluthi ya bei. Mtindo wa 60,000 ukiulinda kwa 5,000, mteja haoni hasara kubaki kitandani. Mshikie nafasi masaa 2 atume pesa, yakiisha ifungue. Kianzio kinakatwa kwenye bei.

ONYO: masharti yamfikie kwa maandishi KABLA hajatuma pesa. Ukimwambia baadaye kwamba hairudi, umemdhulumu. Na yakubane na wewe: umeme ukikatika au msusi akiugua, rudisha yote siku hiyohiyo. Akiahirisha masaa 24 kabla, kianzio kihamie tarehe mpya, mara moja tu.

5. Akichelewa zaidi ya dakika 20, mpe mtindo mfupi au tarehe nyingine.

MASWALI

– Kwa hiyo kianzio shingapi?
Hatua ya 4.

– Huu ni ukatili, wateja wa mtaani hawalipi kabla.
Basi dai kwa mitindo ya zaidi ya masaa 3 tu; wa twende kilioni (mistari ya haraka ya kurudi nyuma) wapokee bila miadi. Ila msusi wa kamisheni akikaa bure Jumamosi, nani anamlipa?

– Wiki ya Idi, wanaokuja bila miadi niwaweke wapi?
Swali zuri sana, dada. Tenga kiti kimoja kisichoandikwa miadi, kwa mitindo isiyozidi saa moja na nusu. Halafu usiandike "mkesha wa Idi", andika tarehe, maana mwezi unaweza kuandama siku usiyoitegemea. Anayetaka kuhama kwa sababu hiyo asikatwe kitu.

– Rasta (nywele za bandia za kusukia), mteja aje nazo?
Ndiyo, taja idadi ya pakiti kwenye ujumbe wa miadi. Kama huwa zinamuwasha kichwani, aziloweke kwenye maji yenye siki, azisuuze na kuzianika siku moja kabla. Zikija mbichi zitakula muda wako.