Kabla ya kumpa mtoto brashi, mpe kitabu cha picha

Msimsomee hadithi kwanza. Fungueni ukurasa mmoja tu, kisha muulize: huyu mnyama kachorwa, au kakatwa kwa mkasi? Vitabu vya Eric Carle, yule mwandishi na mchoraji Mmarekani wa kitabu cha kiwavi mlafi (1969), vinafaa sana kwa hili. Ukitazama kwa karibu, ukingo wa kiwavi ni mkali kama wa karatasi iliyokatwa, lakini ndani yake rangi ina michirizi ya brashi. Carle alikuwa akipaka rangi karatasi laini nyembamba, anaziacha zikauke, ndipo anazikata na kuzibandika.

Sasa tengenezeni mnyama wenu kwa njia hiyo hiyo. Nyumbani karatasi laini sana zitachanika, tumieni za kawaida. Leo ni kupaka tu, hakuna kuchora kitu chochote. Rangi ya maji iwe nzito kidogo, na kabla haijakauka mtoto apitishe kitana, mswaki wa zamani au kipande cha dodoki juu yake. Kitana huacha mistari inayofanana na manyoya. Dodoki huleta ngozi ya kenge. Karatasi zikijikunja, zikandamizeni chini ya vitabu vizito usiku kucha.

Kesho yake ndiyo mkasi na gundi, hata ya unga wa ngano uliopikwa inatosha. Mwachie mwenyewe aamue karatasi ipi iwe mbawa na ipi iwe mkia. Na tafadhali, usimrekebishie kuku wake mwenye miguu mitatu.