Mvamizi Hapimwi kwa Saki Peke Yake

"Mjomba, huyu ana saki kumi na mbili. Unataka nini tena?"

Mpwa wangu hunipigia kelele hiyo Jumapili usiku, saa mbili, mechi za kwanza za NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, zikianza na sisi tuko sebuleni kwangu Buruburu. Mimi ni karani wa duka la spea Kirinyaga Road. Mchana kutwa nalinganisha risiti na mali iliyo rafuni, na mara nyingi haviambatani. Labda ndiyo maana siamini safu moja ya hesabu.

Kwa mgeni wa mchezo huu: mvamizi ni yule wa upande wa ulinzi anayejaribu kumpita mzuiaji amfikie kwotabeki, yaani mrusha pasi wa timu inayoshambulia, kabla hajarusha mpira. Akimwangusha nao mkononi, anaandikiwa saki. NFL ilianza kumwekea kila mchezaji hesabu hiyo rasmi mwaka 1982.

Sasa kumbuka Super Bowl, fainali ya NFL, ya Februari 2022. Hapa Nairobi ilikuwa alfajiri ya Jumatatu, nimeshavaa shati la kazi. Rams wanaongoza Bengals 23-20, imebaki chini ya dakika moja, Bengals wako jaribio la nne, la mwisho, na wanadai yadi moja tu. Aaron Donald, mvamizi wa Rams, akapenya, akamkamata Joe Burrow, kwotabeki wa Bengals, akamzungusha kama gunia, na Burrow akautupa mpira huku anakwenda chini. Haukumfikia mtu. Mechi ikawa imeisha hapo. Ukitafuta tendo hilo kwenye safu ya saki, halimo.

Linganisha na Januari 2002. Michael Strahan, mvamizi wa Giants, alihitaji saki moja kuipita rekodi ya Mark Gastineau ya saki 22 kwa msimu. Brett Favre, kwotabeki wa Packers, akakimbia na mpira pembeni, akajilaza chini karibu naye, Strahan akamgusa. Saki nzima, rekodi ya wakati huo 22.5. Watu bado wanabishana kama Favre alimpa zawadi. Mimi nimeshaamua, lakini tusigombane.

Ukitaka kumpima mvamizi, chagua mmoja kwa namba ya jezi kabla mpira haujatolewa, halafu umtazame yeye tu. Mpira utakuvuta macho, uache uende. Nilihitaji mwezi mzima kuzoea. Kisha mpira ukitolewa, hesabu: "Kirinyaga moja, Kirinyaga mbili..." Neno hilo na namba yake huchukua sekunde moja hivi ukilitamka bila haraka. ESPN wana kipimo cha aina hii kinachotumia vitambuzi vilivyo kwenye pedi za mabega ya wachezaji, na kwao mvamizi ameshinda akimpita mzuiaji ndani ya sekunde 2.5. Wewe tumia Kirinyaga mbili na nusu. Akimpita baada ya Kirinyaga nne na kumwangusha kwotabeki, uwapongeze kwanza walinzi wa nyuma waliowabana wapokeaji hata kwotabeki akakosa pa kurusha.

Hapo kwenye kumpita ndipo utamu ulipo, basi rudisha video nyuma uangalie mikono. Mzuiaji anataka kumgonga kifuani kwa viganja viwili. Mvamizi hodari anaipangusa ile mikono kabla haijatua, anainamisha bega la ndani, anapita chini ya kwapa karibu kugusa nyasi, na vidole vya miguu tayari vimeelekea kwa kwotabeki. Asiye hodari hukimbia kwa kasi nzuri sana hadi nyuma ya kwotabeki, mzuiaji akimsindikiza tu. Kwotabeki anasogea mbele hatua mbili, anarusha kwa raha zake. Mpwa wangu humshangilia mvamizi huyo. Mimi naandika sifuri.

Kabla hujamwandikia sifuri, lakini, tazama amepangiwa watu wangapi. Donald alikuwa akizuiwa na wawili mara kwa mara, miaka nenda miaka rudi. Anayebeba wawili amemwachia mwenzake mmoja, na saki ya mwenzake ina jasho lake ndani. Mvamizi wa pembeni naye huchokozwa: mkimbiaji wa mpira anampiga kikumbo cha ubavu akipita kwenda kupokea pasi. Kikumbo hicho televisheni haikitaji, nawe ukiandike.

Katika kaunta buku yangu nina safu tano: nafasi alizomvamia kwotabeki, alizoshinda kwa wakati, alizozuiwa na wawili, pasi zilizoharakishwa kwa sababu yake, na faulo za kushikwa. Hiyo ya mwisho wengi huisahau. Mzuiaji aliyezidiwa humshika jezi, timu yake inarudishwa yadi 10, na mvamizi haandikiwi saki yoyote.

Ukishajaza, gawanya. Tuseme mmoja ana saki 12 kwa nafasi 550, mwingine ana 8 kwa nafasi 250. Mpwa wangu atamchukua wa kwanza, ingawa kwa kugawanya wa pili yuko juu: asilimia 3.2 dhidi ya 2.2. Ila mwulize huyo wa pili anaingizwa lini. Akiingizwa jaribio la tatu na yadi nyingi tu, wakati kila mtu uwanjani anajua pasi inakuja, kazi yake ni nyepesi kuliko ya anayekaa tangu jaribio la kwanza akilinda pia dhidi ya mkimbiaji.

Pasi fupi za haraka, zile zinazotoka mkononi kabla hujamaliza Kirinyaga mbili, mimi huziweka kando kabisa. Hakuna binadamu anayefika.

Na usimhukumu mtu kwa mechi moja. Jaza angalau nne, dhidi ya wazuiaji tofauti. Kamera ya kawaida ya pembeni ikikuficha mambo, subiri marudio yanayoonyeshwa kutoka nyuma ya kwotabeki. Siku hizi mpwa wangu ndiye anayeshika rimoti. Nikimwambia "rudisha," anarudisha akinung'unika, lakini wiki jana nilimsikia akihesabu Kirinyaga chinichini.